Picha Nilizoziacha Kabla ya Mwisho

Kerubo mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua: asubuhi umekunywa chai vikombe viwili, umelalamika kwamba viatu vipya vinakubana kidole, kisha ukapanda lori la majani ya chai kwenda Kapkatet kuwaaga watu wa mama yako. Hali yangu nitakwambia huko mbele, zamu yake ikifika. Sasa ni saa tisa, mvua imekatika, nami nimetoa meza nje ya mlango nipate mwanga. Usishangae herufi kuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Kalamu hii ni mbaya.

Sitakuandikia habari ya kufunga sanduku, wala kula vizuri, wala vijana wa mjini. Mama Moraa, jirani yetu, amekueleza hayo yote tangu Jumapili, mengine mara tatu, na nilikuona unavyoutazama mlango kama mbuzi aliyefungiwa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokulea hapa kambini. Kikisii changu unajua salamu tu, na Kipsigis cha mama yako ulikitumia sana kuomba mursik, maziwa yale ya kibuyu.

Nitakuandikia juu ya sinema. Haya, cheka umalize. Lakini hebu fikiria, miaka hii kumi, mimi na wewe tumezungumza nini kingine? Mambo ya shule ulisema ni sawa. Mambo ya mwili ulisema ni sawa. Ila sinema tulizungumza, tena kwa kirefu, na kuna jambo ndani yake ambalo sitaki upande nalo gari la moshi kesho bila kulitoa.

Unajua jinsi ilivyokuwa. Mara moja kwa mwezi gari la sinema lilikuja, shuka kubwa jeupe likafungwa kwenye milingoti ya goli, watoto mbele kwenye nyasi, akina mama upande mmoja, sisi upande mwingine. Wengine walikaa nyuma ya shuka kwa sababu huku mbele kumejaa. Mzee Arap Tonui, askari wa lango, alitazama kwa nyuma miaka yote ili awe karibu na lango lake, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia watu wote wanaopanda farasi kwenye sinema ni mashoto. Giza likiingia, mashine inaanza kuunguruma. Na saa mbili na nusu, kila mara, picha ikiwa imenoga kabisa, king'ora cha kiwanda kinalia, na sisi wa zamu ya usiku tunainuka, tunapangusa matako, tunakwenda zetu kunyausha majani ya watu waliobaki wakitazama.

Kwa hiyo ujue kwamba maoni ninayokupa hapa ni ya mtu ambaye miaka yote ya zamu ya usiku hakuona mwisho wa picha yoyote. Isipokuwa moja.

Hiyo moja ilikuwa ya kampuni, ya kutufundisha kuchuma chai. Niliiona yote kwa sababu ilikuwa fupi. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, umelala. Palikuwa na mwanamke wa kwenye picha, kitambaa cheupe kichwani, meno yote nje. Anachuma jani, analitazama, analitabasamia, halafu analiweka kikapuni taratibu kama yai. Chebet, mama yako, alivumilia kidogo tu. Akapaza sauti kutoka upande wa akina mama: "Huyo hata kilo tano hafikishi! Nyapara atamrudisha kwao kabla ya saa nne!" Wanawake wakaangua kicheko, mwenye kipaza sauti akaomba kimya, wapi! Mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, nawe ukaamka ukalia. Maoni yangu ni kwamba picha ile ilikuwa safi na rangi zake nzuri, ila hakuna mtu aliyelowa. Chai ya huku bila mtu aliyelowa mimi siijui.

Ya pili ninayotaka kuisema ni ile ya farasi, ya marafiki wawili wanaopeleka ng'ombe kwenye reli kupitia nchi kavu. Unaikumbuka, najua unaikumbuka. Kofia zao hazikuanguka hata walipoanguka wao. Bunduki moja ilipiga risasi nyingi mpaka nikaacha kuhesabu. Na ng'ombe! Bonde zima limejaa, hakuna anayechechemea, hakuna anayekamua. Arap Tonui aliuliza kwa uchungu kutoka nyuma ya shuka, "Ng'ombe wote hao, na hakuna kibuyu hata kimoja?" Tulimcheka, lakini mzee alikuwa na haki. Basi mmoja wa wale marafiki akamgeuka mwenzake, akaiba ng'ombe usiku, na yule mwingine akamfuata mpaka darajani. Wamesimama hivi, huyu huku, huyu kule, upepo unavuma. King'ora.

Mama yako alikuwa ametutoka miezi miwili tu. Nilikwenda kwenye picha ile kwa sababu kukaa ndani kulinishinda. Asubuhi nilipotoka zamu ulikuwa umeshavaa sare ya shule, umeshawasha moto. Miaka minane, na chai tayari. Ulikuwa huniambii neno siku hizo ila nikikuuliza. Ukaweka kikombe mezani, ukasema, "Baba, walipatana."

"Kina nani?"

"Wale wa daraja. Yule mwizi alilia, akasema ni shetani alimwingia. Wakagawana ng'ombe. Halafu wakapika."

"Walipika nini?"

"Ugali."

Na hata hapo sikushuku! Niliona ni sawa tu, watu wenye mifugo kiasi kile lazima mwishowe wale. Nilikunywa chai ile nikalala usingizi, mara ya kwanza tangu msiba. Tangu siku hiyo ukawa mtindo wetu. Mimi naacha picha kiwanjani, wewe unaniletea mwisho wake na chai.

Ikaja ya Kihindi, ya mama aliyetenganishwa na mtoto wake na mafuriko. Wimbo mmoja waliuanza bondeni wakaumalizia kwenye theluji, na yule dada amebadilisha nguo mara nne, na hakuna aliyebeba sanduku. Nilisema ni upuuzi. Nilisema kwa sauti, ili wenzangu wasikie, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamelowa, nikasingizia vumbi la chai. Asubuhi yake uliniambia kijana alimtambua mama yake sokoni kwa bangili, wakajenga nyumba ya matofali, "na mama hakuugua tena." Ulisema hivyo, maneno hayo hayo. Mimi nikauliza kama kuna sukari.

Ikaja ile ya Wachina wanaopigana kwa mikono. Hiyo niliipenda, nikiri. Napenda jinsi maadui wanavyongoja. Wako ishirini, wangeweza kumrukia yule kijana mara moja wakammaliza, lakini wapi, kila mmoja anasubiri wa mbele yake apigwe kwanza, kama watu kwenye mizani ya majani. Ngumi inalia kama ubao. Wiki nzima vijana wa kambi hawakukalika. Mmoja alipiga teke mlango wa choo, mlango ukamwangukia na ndani mlikuwa na mtu. Katika picha ile mwalimu wa yule kijana alikuwa amelishwa sumu, na king'ora kililia akiwa kitandani anatweta. Nilikuuliza asubuhi, "Mwalimu je?" Ukasema walimpa dawa ya mizizi, akatapika, akapona, akarudi kufundisha.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa mtaalamu. Kiwandani, usiku, tukigeuza majani kwenye vitanda vya kunyaushia, wenzangu wa zamu waliniuliza miisho, maana nao walikuwa wametoka kama mimi. Nikawa nawasimulia. Nikawaambia picha za Wazungu na Wahindi na Wachina zinaweza kuwa na mambo ya kijinga katikati, lakini jambo moja wanalijua, ni kumaliza vizuri. Nilisema hivyo kwa miaka! Siku moja Ouma, fundi wa mashine, jamaa wa ziwani, alinisikia. Yeye alikuwa zamu ya mchana, picha aliziona zote. Akaweka spana chini. "Nyabuto, wewe unasema nini? Wale wa farasi walikufa. Wote wawili. Walianguka mtoni."

Nikamwambia, "Mtoto wangu hasemi uongo."

"Basi mtoto wako aliona picha yake."

Tulishikana mashati, Kerubo. Watu wazima wawili, majani yamejaa hadi kwenye nywele. Hatukusalimiana mpaka Krismasi.

Halafu mwaka juzi nikahamishiwa zamu ya mchana. Nilikwambia nimepandishwa kazi, na wewe ukanipikia kuku. Mwezi huo huo gari la sinema likaja, na unajua wao hurudiarudia picha, wakaweka ile ile ya farasi. Imechakaa, ina mistari kama mvua. Saa mbili na nusu king'ora kikalia, wenzangu wa zamani wakainuka, mimi nikabaki. Nilijisikia bwana mkubwa.

Nikaona daraja. Hakuna aliyelia, hakuna aliyetaja shetani. Yule mwizi alifyatua kwanza, mwenzake akafyatua akianguka, wakaenda majini wote wawili, na ng'ombe wakapita juu ya daraja bila hata kusimama. Maneno yakaandikwa, mashine ikazimwa. Nikageuza kichwa kutazama upande wa wasichana. Wote walikuwa wanainuka, wanakung'uta sketi, isipokuwa wewe. Ulikuwa umekaa unanitazama. Nadhani ulikuwa umenitazama mimi tangu king'ora kilipolia.

Tukarudi nyumbani mimi mbele, wewe nyuma. Karibu na bomba la maji ukasema, "Hii ni nyingine, Baba. Inafanana tu."

Nikasema, "Ehe. Inafanana."

Nikakuacha na uongo wako, nikaongeza wangu juu yake, tukalala. Maoni yangu juu ya mwisho ule, kwa kuwa nimeahidi maoni, ni kwamba ulikuwa mwisho mzuri. Uliingiana na mambo yote ya mbele yake. Tangu mwanzo ungeona watu wale hawatafika kwenye reli pamoja. Wako ulikuwa na ugali, lakini haukuingiana.

Tangu siku hiyo nimejiuliza nani alikufundisha. Nilipekua mambo mengine kichwani. Nikakumbuka uji uliokuunguza mguu ulipokuwa darasa la nne, ukavaa soksi siku sita ukisema uko sawa, mpaka nikanusa harufu. Nikakumbuka mwaka ule uliorudishwa darasa, nikasikia kwa Mama Moraa. Kila jambo baya kwako nililisikia kwa mtu mwingine. Nikasema, mtoto huyu ni wa siri, ana tabia za kwa mjomba wake. Uongo. Aliyekufundisha ni mimi, tena kwa somo moja tu, asubuhi moja, na unajua ni ipi.

Hatujawahi kuitaja. Naitaja sasa.

Mama yako alikuwa amelazwa siku ya tisa. Nilikaa naye tangu saa nane, na wewe ulikuwa pale pale umekalia mkeka chini ya kitanda, kwa sababu sikuwa na mtu wa kukuachia. Alikuwa anapumua kwa shida, anasimamisha, anaanza tena. Daktari alikuwa ameniambia nisiende mbali. Na saa mbili na nusu king'ora kikasikika mpaka kule hospitalini, nami nikainuka. Kwani angenifukuza nani kwa zamu moja? Hakuna. Nyapara mwenyewe alikuwa amesema nikae. Chebet alinitazama akasema, "Nenda, utachelewa," nami nikajifanya nimetumwa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kuwa pale. Nikaenda nikageuza majani usiku kucha, na wewe, mtoto wa miaka minane, ukabaki.

Asubuhi ulikuja peke yako kwa miguu mpaka kwenye mlango wa kunyaushia, mguu mmoja una kiatu. Ukasema, "Baba, mama ameacha kupumua." Wanaume wote walisikia. Nami nikakuzaba kofi. Nikasema, "Nani amekutuma useme maneno hayo?" Ulianguka kwenye majani. Hukulia. Nilikwenda hospitalini nikitangulia, nawe ukinifuata kwa mbali, na sikugeuka hata mara moja kukushika mkono.

Nilikosa, Kerubo. Sina maneno ya kulizungusha. Nilikupiga kwa kuniletea ukweli, na tangu siku ile ukaacha kuuleta. Nisamehe. Miaka kumi nimechelewa, lakini nasema, nisamehe.

Sasa utaniuliza mbona nasema leo. Ni kwa sababu ya kazi unayokwenda kujifunza. Ungekwenda kuwa karani ningenyamaza, Mungu anisamehe, pengine ningenyamaza. Lakini unakwenda kuwa muuguzi. Mtu atakushika mkono mlangoni akuulize mkewe anaendeleaje, na uso wake utakuwa kama wangu ulivyokuwa. Wewe utaona kofi linakuja. Utamwambia wamempa dawa ya mizizi, ametapika, anapona. Nakujua. Utasema kwa upole mpaka aamini, arudi nyumbani akalale, na yule mwanamke abaki peke yake. Usimfanyie hivyo. Mwambie asiondoke. Akikupiga, basi, ni mjinga mmoja zaidi duniani, lakini atakuwa amekaa.

Nikukumbushe na ile picha ya vita, maana nayo inaingia hapa. Ni picha pekee iliyomtoa Arap Tonui nyuma ya shuka. Yeye alikuwa vitani kweli, kule Burma, akataka kuona kama wamepatia. Alikaa karibu yangu kofia magotini. Askari mmoja akapigwa risasi, akalazwa mapajani mwa rafiki yake, akaanza kuongea. Akamtaja mama yake, akataja nchi yake, akatoa barua mfukoni, akasema mambo ya maana moja baada ya jingine kama mtu anayesoma. Arap Tonui akasonya. "Huyu amekula asubuhi," akasema. "Mtu anakufa hapana toa hotuba." Akarudi langoni kwake. Mimi nilibaki pale. Nilitaka kujua, kwani mtu akimaliza anasemaje? Anasema chochote? Sikuwa nimeona. Katika nyumba yangu aliyeona ni wewe. Asubuhi uliponiletea chai ukaanza kunisimulia kwamba askari yule aliamka, nikakuangalia, swali likafika hapa kwenye meno. Nikauliza kama kuna sukari.

Maoni yangu juu ya picha ile ni kwamba sijui. Ndiyo pekee ambayo sina maoni juu yake.

Haya. Siwezi kukuomba ukweli mimi nikiwa nimekalia wangu. Kalamu hii haina ubaya wowote. Ni macho. Mwaka juzi sikupandishwa. Nilisoma kipimajoto vibaya, majani ya usiku mzima yakakauka yakawa kama tumbaku, ndipo wakanihamishia mchana nifagie. Yule kuku ulimchinja bure. Daktari anasema macho yanafunga kutoka pembeni, polepole, na hayafunguki tena. Nikikutazama usoni nakuona vizuri, lakini mikono yako siioni. Mwisho wa mwezi natoka kazini, na nyumba hii ni ya mfanyakazi, kwa hiyo natoka pia. Ndugu yangu amenipa chumba kwetu Kisii, chenye dirisha upande wa jua. Barua zako ziandike huko, watoto wake watanisomea.

Usibaki kwa ajili ya hilo. Ukibaki nitakasirika, na hasira zangu unazijua. Hapana, futa hiyo. Hizo hasira ndizo zilizotufikisha hapa. Nasema hivi: nataka uende, na ninaogopa kubaki peke yangu, na yote mawili ni kweli. Nenda.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku lako, uikute ukiwa umeshapanda gari la moshi Fort Ternan, likiwa limeondoka, huwezi kushuka. Nimeinua nguo zako nusu, nikaona ule mkanda wa mama yako umeukunja humo, nikazirudisha. Nimejicheka mwenyewe. Mzee mzima, king'ora hata hakijalia, na nimeshainuka.

Kwa hiyo nitaiacha hapa mezani, chini ya kikombe. Ukirudi jioni isome hapo hapo, kabla ya kunawa miguu. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha karibu na moto, na nitajifanya nimesinzia, maana aibu ninayo. Niamshe. Kisha nisimulie usiku ule wa mama yako, tangu nilipotoka mlangoni mpaka asubuhi. Kama aliniuliza, niambie aliniuliza. Kama alisema neno nipe lile lile, na kama hakusema kitu, niambie hakusema. King'ora kitalia tukiwa katikati, lakini wewe endelea tu, usiutazame mlango. Safari hii nakaa mpaka iishe.

Na mwishoni, mwanangu, usitie ugali.

Baba yako,
Nyabuto